Mali Bila Daftari, na Daftari la Nani

Tumeulizwa na waumini zaidi ya mmoja, baada ya ibada na hata katika vikao vya jumuiya, kama ni kweli kwamba Serikali inakusudia kuondoa noti na sarafu na kuweka mahali pake fedha isiyoshikika, fedha ya ndani ya simu, ambayo Benki Kuu yenyewe itaitoa na kuiona kila inakokwenda. Wengine huuliza kwa udadisi tu. Wengine huuliza kwa hofu, na wachache wamekwisha kuelezwa na wahubiri wa stendi kwamba hiyo ndiyo namba ya mnyama. Kwa kuwa swali lenyewe lahusu mfuko wa kila mtu, na ndani yake limo swali la haki na la dhamiri, tumeona yafaa tulizungumze hapa bila haraka.

Kwanza lililo kweli. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan, alipokuwa Mwanza kuzindua jengo la tawi la Benki Kuu, aliitaka Benki hiyo ijiandae kwa mabadiliko ya fedha za mtandaoni. Novemba mwaka huohuo Gavana wa wakati ule, Profesa Florens Luoga, alisema maandalizi ya fedha ya kidijitali ya Benki Kuu yameanza. Januari 2023 Benki ikatoa taarifa kwa umma kwamba itakwenda kwa hatua, kwa tahadhari, na kwa kupima hatari zake. Ilikuwa taarifa ya utafiti, haikuwa tangazo la kuanza. Wala jambo hili lisichanganywe na bitcoin na sarafu nyingine za mtandaoni, ambazo Benki Kuu ilizitolea onyo Novemba 2019 kwamba si fedha halali nchini. Wengi wetu huviweka vyote kapu moja, na baadhi huchanganya humo hata kumbukumbu ya upatu wa DECI uliosimamishwa mwaka 2009, watu wakabaki wamepanda pasipo kuvuna. Hatuwalaumu. Aliyeumwa na nyoka huogopa hata ung'ong'o.

Sasa tupambanue mambo. Noti ya shilingi 10,000 iliyo mfukoni mwako ni ahadi ya Benki Kuu. Salio lako kwenye simu ni ahadi ya kampuni ya simu, ambayo hulazimika kuweka fedha ya thamani ileile kwenye akaunti ya amana katika benki za biashara. Na akiba yako benki ni ahadi ya benki hiyo. Kwa kawaida ahadi hizi tatu hulingana hata tukasahau kuwa ni tatu, mpaka siku benki moja inapoanguka. Januari 2018 Benki Kuu ilizifunga benki 5 ndogo kwa upungufu wa mtaji. Wateja walilipwa na Bodi ya Bima ya Amana hadi shilingi 1,500,000. Aliyekuwa na zaidi ya hapo ilimbidi asubiri ufilisi. Aliyekuwa na noti kwenye kibubu hakusubiri kitu.

Kwa hiyo fedha ya kidijitali ya Benki Kuu, tukiieleza kwa wema wake wote, ni noti isiyo na karatasi: ahadi ya Benki Kuu yenyewe, lakini ndani ya simu au kadi. Haichakai, haiungui nyumba ikiungua, na yaweza kutumwa Newala au Ngara kwa dakika moja. Waitakao husema pia kwamba itapunguza ada. Hilo si jambo dogo kwa watu ambao kila mwezi humtumia mama kijijini shilingi 20,000 na kulazimika kuongeza "ya kutolea". Sisi hatuko katika kundi la wanaopinga kila kipya. Tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008 tumeona mazuri mengi, na mstaafu anayepata pensheni yake bila kupanga foleni mjini hawezi kuwa adui wa simu.

Tofauti iko mahali pamoja. Noti haiulizi jina. Ikitoka mkononi mwako ikaingia mkononi mwa muuza nyanya, hakuna palipoandikwa kwamba wewe ulimpa yeye, saa ngapi, na kwa ajili ya nini. Fedha ya kidijitali, kwa namna nyingi inavyotengenezwa, ni daftari: kila kuhama kwake ni mstari ulioandikwa.

Mtasema daftari ni jambo jema. Ni jema. Mali bila daftari hupotea bila habari, ndivyo walivyosema wazee, na sisi tuliokaa miaka mingi kwenye chuo cha ualimu tuliwafundisha walimu wanafunzi kutunza daftari la duka la shule, mapato upande huu na matumizi upande ule, kabla hawajafundishwa jambo lolote kuhusu mtoto. Asiye na la kuficha, husemwa, haogopi daftari. Na wasemao hivyo wana hoja, tusiwabeze. Tunaukumbuka mwaka 1983, wakati wa vita dhidi ya wahujumu uchumi, jinsi wenye mabunda ya noti walivyohangaika kuyaficha. Mla rushwa hupenda noti kwa sababu ileile inayotufanya sisi tuzipende: hazina mdomo.

Lakini methali ile haikusema daftari linashikwa na nani. Na hapa Tegeta tuna sababu ya kuuliza, kwa kuwa jina la mtaa wetu liliwahi kuandikwa kwenye daftari kubwa kuliko yote. Kutokana na mgogoro wa TANESCO na kampuni ya IPTL, iliyokuwa na mitambo yake ya umeme hapahapa kwetu, fedha ziliwekwa Benki Kuu katika akaunti iliyoitwa Escrow ya Tegeta zingojee mgogoro uishe. Mwaka 2013 zikatolewa. Novemba 2014 Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali ikalieleza Bunge kwamba zilikuwa zaidi ya shilingi bilioni 300, na nchi nzima ikajifunza neno escrow kwa siku moja. Hatusimulii haya ili kuishutumu Benki Kuu ya leo. Tunasimulia kwa sababu daftari lilikuwepo. Fedha zilikuwa zimeandikwa, na wapo waliopokea kwa jina. Kuandikwa peke yake hakukuzuia kitu. Habari ilipatikana pale tu wengine, wakaguzi na wabunge na magazeti, walipoweza kulifungua daftari hilo.

Linganisheni na daftari la kikoba. Kila wiki akina mama hukaa mkekani, mwenye kitabu akasoma kwa sauti: fulani ameweka hisa mbili, fulani anadaiwa, faini ni kadhaa. Sanduku lina kufuli zaidi ya moja na funguo haziko kwa mtu mmoja. Anayeandikwa humwona anayeandika, humsikia, na humkatiza akikosea. Hilo ndilo daftari walilokuwa wakilisifu wazee, na hata lile la mikopo la dukani kwa Mangi hufanana nalo, kwa kuwa mdeni husimama pale pale akitazama kalamu. Daftari la upande mmoja, ambalo wadogo huonekana na wakubwa huwa nyuma ya pazia, ni kitu kingine hata kama kinaitwa kwa jina lilelile.

Kuna na jambo la stara. Kiswahili kimetupa neno hili na ni vizuri tulitumie, kwa kuwa neno "siri" limechafuliwa. Stara si ya mwizi. Mtu huvaa nguo si kwa sababu amefanya kosa. Akina mama wengi hufunga vijisenti katika pindo la khanga ili mume mlevi asivijue, na kwa vijisenti hivyo mtoto hupata daftari na sare. Kijana hununua dawa ambayo hataki shangazi yake ajue kuwa anaitumia. Muumini humpitia jirani aliyefiwa, akamshika mkono kwa maagano, na ndani ya kiganja mmebaki noti iliyokunjwa. Hakuna aliyeona, na aliyepokea hatainamisha kichwa wakikutana kesho yake. Na wapo ndugu zetu wachache, tusiwataje, ambao hawangependa daftari la taifa lijue idadi ya chupa walizolipia kule Boko Jumamosi. Hao nao, pamoja na udhaifu wao, tunadhani wahukumiwe na wake zao na Padre, si na kompyuta.

Kanisa letu linalijua jambo hili kwa vitendo, ingawa halijaliandika popote. Tunazo bahasha za ahadi na zaka, zenye namba, na mweka hazina huandika kila mmoja alichotoa. Tunalo pia kapu linalopita, ambalo mtu hutia mkono na kuutoa. Siku hizi tumeongeza namba ya kulipia kwa simu. Bahasha zimesaidia kujenga, maana huwezi kupanga ujenzi kwa kubahatisha. Lakini hatujamsikia mzee wa kanisa hata mmoja akipendekeza kapu liondolewe kwa kuwa halina kumbukumbu. Mama mjane anayetia sarafu moja humo hapaswi kuonekana kwenye orodha akiwa wa mwisho.

Watasema: lakini mmekwisha kuonekana! Kampuni za simu zinajua kila mlichotuma tangu 2008. Ni kweli, na ni jibu ambalo wanaopinga hulikwepa. Hata hivyo kampuni ya simu haitungi sheria, haitozi kodi, na haina jela. Ukiudhika unahamia kampuni nyingine. Mtoaji wa fedha ya taifa ni mmoja tu. Anayeshika daftari akiwa ndiye mwenye fedha, na akiwa karibu na mwenye rungu, yatupasa tuulize zaidi ya tunavyomwuliza muuza vocha. Tozo ya miamala ilitufundisha. Ilipoanza Julai 2021, muamala mkubwa ulitozwa hadi shilingi 10,000 juu ya ada ya kampuni. Watu walilalamika, wengine wakarudia kutuma bahasha kwa kondakta wa basi, na Septemba mwaka uleule tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na baadaye ikapunguzwa tena. Tuangalie kilichowasaidia watu: walikuwa na njia nyingine. Noti ilikuwepo, na kuikimbilia kwao kukawa ndiyo kura yao. Njia ikiwa moja tu, mwenye geti hana haja ya kusikia.

Nigeria ilijaribu. Oktoba 25, 2021 ilizindua eNaira, ya kwanza katika Afrika. Mapokezi yalikuwa baridi mno. Waraka wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa mwaka 2023 ulieleza kwamba katika wiki yoyote, asilimia 98.5 ya pochi zilizofunguliwa hazikutumika. Kisha ikaja shida kubwa zaidi. Mwishoni mwa 2022 Benki Kuu yao ikatangaza noti mpya na kuondoa za zamani kwa muda mfupi, na mapema 2023 noti zikawa adimu, watu wakalala foleni benki, wauza sokoni wakakosa chenji na wateja, mpaka Mahakama ya Juu ikaamuru mwezi Machi kwamba noti za zamani ziendelee kutumika hadi mwisho wa mwaka. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hatusemi eNaira ilikuwa kibaya. Twasema kwamba watu wakihisi wanasukumwa watoke kwenye kitu wanachokiamini, hata kizuri hukitazama kwa jicho la pembeni.

China nako kuna la kujifunza. Oktoba 2020, katika majaribio mjini Shenzhen, watu 50,000 waligawiwa kwa bahati nasibu yuan 200 kila mmoja za fedha ya kidijitali, wazitumie katika maduka yaliyoteuliwa kabla ya siku iliyotajwa. Asiyetumia zingerudi. Kama zawadi, hakuna aliyedhulumiwa. Lakini msomaji na afikiri: fedha inayoweza kuambiwa "utakufa Jumapili" yaweza pia kuambiwa "hutanunua mbegu ila kwa fulani". Akiba haiozi, walisema wazee, wakati ambapo akiba ilikuwa mahindi na bado yalikuwa na fukusi. Je, tutengeneze fedha yenye fukusi wake?

Na tusidhani kwamba hofu hizi ni za watu wasiosoma. Benki Kuu ya Ulaya ilipouliza raia wake kati ya Oktoba 2020 na Januari 2021, walijibu zaidi ya 8,000, na jambo lililotajwa na wengi kuwa muhimu kupita yote, asilimia 43, lilikuwa faragha. Uingereza ilipouliza mwaka 2023 ilipata majibu zaidi ya 50,000, mengi yakihofia kupelelezwa na kupotea kwa noti. Marekani, Januari 2025, Rais wake alizuia kwa amri kazi yote ya namna hii. Mama ntilie wa stendi ya Tegeta Nyuki anayesema "mimi nataka nione hela yangu" hayuko nyuma ya dunia.

Kuhusu namba ya mnyama tutasema machache. Hofu hiyo imepandikizwa juu ya vitambulisho, juu ya mistari ya bidhaa za dukani, na itapandikizwa juu ya lijalo. Fedha ya Benki Kuu haimtaki mtu aiabudu, na mzazi asimzuie kijana wake kusomea kompyuta kwa sababu hiyo. Hata hivyo katika makapi hayo mna punje: wazo kwamba mtu aweza kuzuiwa kununua na kuuza kwa kubonyeza kitufe. Punje hiyo ni ya kweli na haihitaji mnyama. Karani aliyekosea herufi moja ya jina anatosha.

Wala tusiitukuze karatasi kupita kiasi. Mei 1987 jirani zetu wa Uganda walibadilishiwa fedha, shilingi 100 za zamani kwa 1 mpya, na katika kubadilisha wakakatwa asilimia 30. Hapa kwetu, kuanzia Januari 6 hadi Aprili 5, 2025, Benki Kuu ilitoa nafasi ya kubadilisha noti za zamani za kati ya 1985 na 2003, na baada ya hapo zikawa karatasi. Noti nayo ina mwenyewe. Lakini ina uaminifu mmoja ambao simu haina. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika, na tena intaneti ilipozimwa nchini kwa siku kadhaa tangu siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, noti iliendelea kuwa noti. Aliyekuwa nayo aliweza kupata unga kwa jirani.

Kwa hiyo tunaona nini? Tunaona kwamba fedha ya kidijitali ya Benki Kuu yaweza kupokelewa kwa moyo mweupe, iwapo itakuja kama bahasha ilivyokuja kanisani, yaani pamoja na kapu wala si badala yake. Malipo madogo madogo, ya nyanya na nauli na ya mkono wa pole, yasiandikwe jina. Wataalamu wanasema hilo lawezekana, simu kwa simu, hata pasipo mtandao. Daftari la malipo makubwa lifunguliwe kwa amri ya mahakama, na raia naye aweze kulifungua lake na kumwona aliyelichungulia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022, na Ibara ya 16 ya Katiba inataja faragha waziwazi. Zimeandikwa. Tumekwisha kuona kwamba kuandikwa peke yake hakutoshi.

Na njia ya kuuliza watu ni sehemu ya jambo lenyewe. Kenya ilitoa waraka wa kuomba maoni Februari 2022, na mwaka 2023 Benki Kuu yao ikasema jambo hili si la dharura kwa sasa, maana malipo ya simu yanawatosha. Lilikuwa jambo la heshima kuuliza kabla ya kuamua, lakini waraka wenyewe ulikuwa wa Kiingereza. Benki Kuu yetu itakapofikia hatua ya kuuliza, isituulize kwa namna hiyo. Ituulize kwa Kiswahili, kwenye mikutano ya mitaa, ikiwa na mtu wa kujibu maswali na si kipeperushi tu. Ianzie hata Kunduchi, pwani, saa kumi na mbili asubuhi, mashua zinaporudi na wanunuzi wakapokeana noti zilizolowa maji ya chumvi, na iwaulize watu hao wanachokiamini katika noti ile. Kisha ije huku juu imwone mwenye kitabu wa kikoba chochote, iketi mkekani mpaka kikao kiishe, na imwulize kwa nini husoma kwa sauti.